Waliokata dakika 24 za besiboli walikata nini hasa? (Uecker, Charley Pride, Jim Reeves na redio ya baba)

#1 Mwana_Nakuru

Habari zenu wakuu. Niko Milwaukee tangu 2003, nyumbani ni Nakuru. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu Januari 2025 alipofariki Bob Uecker, mtangazaji wa besiboli. Naona nilimwage hapa, maana wenzangu wa nyumbani hawafuati besiboli, na Wamarekani ninaofanya nao kazi hawajui kwamba sisi tulilelewa na Jim Reeves.

Mwaka wangu wa kwanza huku nilikuwa naosha vyombo katika mkahawa mmoja. Juu ya sinki palikuwa na redio ndogo, antena imekatika, kipande kilichobaki kimeviringishiwa karatasi ya foili iliyoganda mafuta. Kuanzia Aprili mpaka Septemba, karibu kila jioni, redio ile ilikuwa na mtu mmoja: Uecker, mtangazaji wa Brewers, timu ya hapa Milwaukee. Mchezo wenyewe sikuuelewa hata kidogo. Nilichokipenda ni pale panaponyamaza. Mrushaji anapangusa mkono, mpigaji anatoka kwenye boksi lake, anakaza glavu, na hapo katikati mzee anasimulia: habari za kuvua samaki, habari za enzi zake akiwa mdakaji asiyejua kupiga (wastani wake wa kupiga wa maisha yote ni .200, yaani alifaulu mara moja kati ya tano, na aliutaja mwenyewe bila haya). Halafu ghafla sauti inapanda, anauamuru mpira uinuke, uondoke zake, umekwenda! Kiingereza cha Marekani nilikiokota humo, katika vile vimya. Mpishi wetu, mzee wa Kipolandi, alinifundisha kuandika mechi kwa penseli nyuma ya karatasi za risiti: K kwa aliyepunga gongo akakosa, K iliyogeuzwa kwa aliyesimama akautazama mpira ukipita.

Sasa, 2023 wakaleta saa ya kurusha, inayomhesabia mrushaji muda wa kuutoa mpira. Sekunde 15 vituo vikiwa vitupu, 20 kukiwa na mkimbiaji. Wastani wa mechi ukashuka kutoka saa 3 na dakika 4 mwaka 2022 hadi saa 2 na dakika 40. Watu wanashangilia. Mimi nikifungua redio nasikia hadithi inaanzwa, kabla haijafika popote mpira kesharushwa, hadithi imekufa.

Dai langu ni kwamba dakika zile 24 hazikuwa tupu. Ndimo alimokuwa akiishi Uecker.

La pili. Marehemu baba alikuwa na redio ya National. Jumapili alasiri, idhaa ya Kiingereza ya Sauti ya Kenya, hakuna mtoto kupiga kelele: Jim Reeves, Charley Pride, waimbaji wa kantri wa Marekani. Nimekuja kujua huku ugenini kwamba wote wawili walikuwa warushaji wa besiboli kabla ya kuimba. Wote wawili! Ni bahati tu, au kuna kitu? Kaseti ya baba iko kwa dada yangu Nakuru, redio iliula mkanda miaka mingi iliyopita, na hajathubutu kuigusa.

Karibuni.

#2 Kiti_Cha_Mbele

Nimeshakaa. Wajuzi waje.

#3 Tarakimu

Mleta uzi, pole kwa msiba, maana sauti ya redio ni mtu wa nyumbani. Ila nisahihishe mambo mawili.

Kwanza, zile sekunde 20 zilikuwa za 2023 tu. Tangu 2024 ni 18.

Pili, unalaumu saa kwa kosa lisilo lake. Wastani wa mechi mwaka 1984 ulikuwa saa 2 na dakika 35. Uecker alianza kutangaza Brewers 1971, kwa hiyo miaka yake mingi ya mwanzo ilikuwa na mechi fupi kama za sasa, na hadithi alizisimulia. Kilele cha urefu ni 2021, saa 3 na dakika 10. Walichofanya 2023 ni kuurudisha mchezo ulikokuwa.

#4 Mwana_Nakuru

#3 asante kwa sahihisho la 18. Hilo la 1984 nimelisoma mara tatu na sina jibu la takwimu. Nina jibu la sikio tu: kimya kifupi kisichohesabiwa si sawa na kimya kifupi chenye saa inayorudi nyuma mbele ya macho ya mrushaji. Msimulizi anajua kwamba kitakatwa, basi haanzi.

#5 Sina_Haraka

Kilichorefusha mechi ni matangazo ya biashara. Vipindi ni tisa, na kila nusu ya kipindi ikiisha watu wanaondoka uwanjani, televisheni inauza magari na bia. Hesabuni nusu 17 au 18 kwa mechi. Wakatafuta wa kumbebesha lawama, wakampata mpigaji anayekaza glavu. Mbona hawakuyapunguza matangazo?

#6 Mama_Worcester

#5 matangazo yapo, sikatai, lakini na hao wapigaji wamezidi! Niko Massachusetts mwaka wa 19, mume wangu ni mtu wa Red Sox, timu ya Boston. Kuna waliokuwa wakifungua glavu na kuifunga kila baada ya mpira mmoja, hata kama hawakuupiga. Kufungua, kufunga, kugonga kiatu, kutazama mbingu. Nilikuwa naweka ugali jikoni, narudi, yule yule bado anafunga glavu.

#7 Tarakimu

Ongezeni na warushaji wa akiba. Zamani mrushaji mmoja alimaliza mechi. Siku hizi timu inatumia wanne, watano, na kila anayeingia anapasha moto. 2020 ikabidi wailete sheria kwamba anayeingia akabili wapigaji wasiopungua watatu, au amalize kipindi. Halafu kuna mahesabu: wapigaji wamefundishwa kusubiri, warushaji wamefundishwa kukosesha, basi mipira kwa kila mpigaji imeongezeka. Sababu ziko nyingi, siamini kama ni moja.

#8 Azania_98

Wakuu samahanini, sisi tusioujua huu mchezo mtusaidie. Nimesoma Azania pale Dar, na miaka ya karibuni Wajapani wamesaidia kujenga uwanja wa besiboli pale pale shuleni, umefunguliwa 2018, wameuita Koshien kama ule wao maarufu. Nilipita nikawaona vijana na magongo, nikasimama nusu saa. Nikaondoka sijui nani ameshinda.

#9 Mama_Worcester

#8 kaka, kama kuna Mkenya aliyesoma shule ya msingi atakuelewesha kwa neno moja: raunda. Wasichana wote tumeicheza. Unapiga mpira, unakimbia vituo vinne, wakikuwahi na mpira umetoka. Besiboli ni raunda iliyopewa sare na mshahara.

#10 Azania_98

Kwetu dada zetu walicheza rede, na rede ni ya kukwepa mpira, si ya kuupiga. Ndiyo maana Wakenya mnafika huko mnaelewa haraka.

#11 Mama_Worcester

Haya basi rede mbele, raunda nyuma. Tuendelee na uzi wa watu.

#12 Fundi_Redio

Nawasalimu wote. Nimetengeneza redio Morogoro zaidi ya miaka arobaini. Habari za besiboli siziwezi, ila hili la Jim Reeves kupendwa nalijua kwa mikono yangu.

Redio za masafa ya kati zinakata sauti nyembamba na zinakata besi nzito. Kinachopita ni katikati. Ngoma nyingi na tarumbeta nyingi zinatoka kama mabati yanaburutwa. Sasa mtu kama Reeves alikuwa akiimba chini chini, mdomo karibu uguse maikrofoni, gitaa na piano zimekaa mbali nyuma yake. Sauti ile ilikuwa inapita hata kwenye spika iliyochanika. Mteja akileta redio nimtengenezee, nilikuwa najaribu kwa wimbo wa namna hiyo. Ukitoka safi, redio imepona.

Nasikia alikuwa mchezaji wa timu ya besiboli ya Cardinals, kweli?

#13 Tarakimu

Shikamoo mzee wetu. Nusu kweli. Alisajiliwa 1944 katika mfumo wa St. Louis Cardinals, akarusha katika ligi za chini, timu kubwa hakuifikia. Akaumia mshipa wa neva wa mguuni wakati akirusha, mchezo ukaishia hapo. Akaenda kuwa mtangazaji wa redio huko Louisiana, ndipo kuimba kukafuata. Alikufa 31 Julai 1964, ndege ndogo aliyokuwa akiiendesha mwenyewe iliingia kwenye dhoruba karibu na Nashville. Walimtafuta siku mbili.

#14 Mwana_Nakuru

#12 asante kwa niaba ya baba, mzee wangu, umenipa kitu ambacho sijawahi kukisikia. Na #13 umenifungua jicho: mchezaji aliyeumia akahamia kwenye maikrofoni. Uecker naye ni mchezaji aliyemaliza akahamia kwenye maikrofoni. Baba angefurahi sana kulijua hili.

#15 Mwalimu_Kericho

Wote mnaanza hadithi kati. Kantri iliingia kwetu kabla Jim Reeves hajarekodi chochote cha maana.

Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Kapkatet akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo wa "Chemirocha". Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyekufa kwa kifua kikuu 1933. Santuri zake zilifika na gramafoni, watu wakasikia sauti na gitaa, jina likageuka kwa ulimi wetu, na katika masimulizi akawa kiumbe nusu mtu nusu swala. Amekufa miaka 17, hajawahi kukanyaga Afrika, na wasichana wanamwimba wakimwomba acheze. Bibi yangu alikuwa mtu wa upande ule. Hakujua Marekani ni wapi, Chemirocha alimjua.

#16 Sina_Haraka

Heshima kwako mwalimu, lakini hiyo ni kona moja ya Bonde la Ufa. Kilichosambaza kantri nchi nzima ni kanisa. Reeves alirekodi nyimbo za dini tupu, santuri nzima nzima. Mzazi Mkristo asiyetaka muziki wa dansi nyumbani aliruhusu hizo. Akishazoea sauti, zile za mapenzi zikapita mlango huo huo.

#17 Nyuzi_Sita

Kanisa sawa, ila mnasahau gitaa. Wapiga gitaa la kavu, lisilo la umeme, walikuwa tayari wanapiga kwa vidole, gumba linashika besi, kidole kinaimba. Mwenda Jean Bosco wa Katanga alivuma Nairobi mwishoni mwa miaka ya hamsini kwa mkono huo. Mtu aliyezoea Mwenda akisikia gitaa la kantri anasikia binamu. Na hadi leo nenda mugithi yoyote, mwanamume na gitaa moja, usiku ukikolea lazima apite kwa Kenny Rogers. Sir Elvis amejenga jina lake lote Kenya kwa kuimba kantri.

#18 Mama_Worcester

Mimi nasema ni Kiingereza chao. Kinatamkwa taratibu, neno kwa neno. Dada yangu mkubwa alikuwa na daftari la maneno ya nyimbo, anasikiliza Jumapili hii anaandika mistari miwili, anasubiri wimbo urudi Jumapili nyingine apate miwili mingine. Wimbo mmoja ulimchukua muhula mzima. Na mkasa wake ni mkasa wa kijijini: mama mgonjwa, shamba, mtu kaondoka na treni.

#19 Fundi_Redio

Binti, na spika nzuri ingemchukua wiki mbili.

#20 Mtu_wa_Arlington

Nimechelewa, niko Texas. Acheni niongee habari za Charley Pride, kwa sababu nilimwona kwa macho.

Alikuwa mmoja wa wamiliki wa timu ya Texas Rangers tangu 2010, na kila mwaka alikuwa anakwenda kambi ya mazoezi kabla ya msimu, mzee wa miaka sabini na kitu, anavaa sare, anafanya mazoezi na vijana, kisha anawaimbia kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Siku niliyomwona uwanjani alisimama kwenye ngazi karibu nami, amevaa kofia ya Rangers, mkono wa kulia ameuweka juu ya chuma cha ngazi. Vidole vilikuwa virefu, vimekaa kama vinashika mpira. Nilitaka kumwambia, "Mzee, mama yangu Kisii anakujua." Nikashindwa kutoa sauti. Hadi leo najuta.

Maisha yake ya mchezo yalikuwa magumu. Alizaliwa Sledge, Mississippi, kwenye pamba. Akachezea Memphis Red Sox, timu ya ligi za wachezaji Weusi. 1953 akasajiliwa timu ya chini ya Yankees huko Boise, mkono ukaumia. Baadaye alipokuwa Louisville Clippers, yeye na mwenzake mmoja walibadilishwa kwa Birmingham Black Barons kwa basi. Basi! Timu ilihitaji gari la kusafiria, ikawatoa watu wawili. Akaishia Montana, anafanya kazi kiwanda cha kuyeyushia madini East Helena, anachezea timu ya kiwanda, na wakawa wanamwongezea malipo aimbe kabla ya mechi. Ndiko uimbaji ulikotokea.

Santuri zake za mwanzo, 1966, kampuni ilizitoa bila picha, wasikilizaji Weupe wasijue rangi yake.

#21 Mwana_Nakuru

#20 ndugu yangu, hilo la picha. Baba hakujua! Kwa miaka mingi alidhani Pride ni Mzungu kama wengine. Siku moja jirani aliyefanya kazi bandarini Mombasa alirudi likizo na santuri yenye jalada. Nilikuwa mdogo, lakini namkumbuka baba amelishika kwa mikono miwili, analigeuza nyuma, analirudisha mbele. Akamwita mama. Akawaita na majirani. Sisi hatukuwa na hata gramafoni ya kuipigia, jalada tu ndilo lililopita mkono kwa mkono.

#22 Kijana_wa_Lugazi

Salamu kutoka Uganda. Mnaongea besiboli kana kwamba iko mbali, sisi tunaicheza. 2011 watoto wetu walifuzu kwenda mashindano ya dunia ya watoto Williamsport, Marekani, wakanyimwa viza. Watoto wa Kanada waliokuwa wacheze nao wakaja wenyewe Uganda Januari 2012 wakacheza. Mwaka huo huo timu ya Lugazi ikafika Williamsport, ya kwanza kutoka Afrika, ikashinda mechi moja dhidi ya Oregon, 3 kwa 2. Dodgers wa ligi kuu ya Marekani walisajili vijana wetu wawili 2022, na David Matoma yuko na mfumo wa Pirates.

Saa ya kurusha tunaipenda. Sisi hatukukua na redio ya Uecker, tumekua na video za simu.

#23 Azania_98

#22 hongereni sana. Kumbe majirani mmefika mbali hivyo. Je, yupo Mwafrika aliyefika ligi kuu yenyewe?

#24 Tarakimu

Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, 26 Aprili 2017, akiwa na Pirates. Mara yake ya kwanza kushika gongo aliupiga mpira wa Jon Lester akafika kituo cha kwanza.

#25 Kiti_Cha_Mbele

Kwa hiyo na Charley Pride sasa anahesabiwa mchezaji wa ligi kuu? Nilisoma kwamba ligi za Weusi zimetambuliwa kuwa ligi kuu.

#26 Tarakimu

Hapana. Tangazo la Desemba 2020 linahusu ligi saba za 1920 hadi 1948. 2024 takwimu zake zikaunganishwa, ndipo Josh Gibson akawa kinara wa wastani wa kupiga wa muda wote, .372, akampita Ty Cobb. Pride alicheza miaka ya hamsini, yuko nje ya mstari.

#27 Mtu_wa_Arlington

Na tarehe zenyewe: Pride alifariki 12 Desemba 2020, Dallas, kwa korona, mwezi mmoja baada ya kupokea tuzo ya maisha Nashville. Tangazo likatoka tarehe 16. Siku nne. Hata kama lisingemhusu kwenye vitabu, angelisikia. Wenzake wa Memphis wangepigiana simu.

#28 Mama_Worcester

Hilo limenitoa machozi nikiwa kazini.

Naomba tugeukie nyimbo za uwanjani kidogo. Hapa Fenway, uwanja wa Red Sox, kipindi cha 8 watu wote wanaimba wimbo wa Neil Diamond. Aprili 2013, siku chache baada ya mabomu ya mbio za Boston, alikuja mwenyewe bila kualikwa kwa sherehe yoyote, akapiga simu uwanjani kuuliza kama anaweza kuimba. Mume wangu alikuwepo. Hajawahi kunisimulia vizuri, kila akianza anaishia njiani.

Na ule wa kipindi cha 7 ambao nchi nzima inauimba, wa 1908: wanaimba kiitikio tu. Beti zake zinamhusu msichana, Katie Casey, ambaye kijana anamwalika maonyesho, naye anasema hapana, nipeleke kwenye besiboli. Mwandishi wa maneno, Jack Norworth, inasemekana hakuwahi kuingia uwanjani kutazama ligi kuu mpaka 1940.

#29 Mwana_Nakuru

Milwaukee tukishamaliza huo wa 1908 tunaongeza polka ya pipa la bia, watu wamesimama, wazee wa Kipolandi na Wajerumani wanashikana mabega. Mpishi wangu aliimba kwa Kipolandi hata pasipo na Kipolandi. Halafu kuna mbio za soseji, watu wamevaa soseji kubwa wanakimbia. Watoto wangu wanakwenda kwa ajili ya hizo.

#30 Nyuzi_Sita

Na kinanda! Chicago ndiko kinanda cha uwanjani kilikoanza, uwanja wa Wrigley 1941. Nancy Faust aliwapigia timu ya White Sox tangu 1970 mpaka 2010, akichagua wimbo kwa utani wa jina la mchezaji. Sasa kila mpigaji ana kipande chake cha rekodi, sekunde chache za hiphop au za Kilatino, saa inamngoja. Hapo nakubaliana na mleta uzi: kinanda kilihitaji nafasi kati ya mipira, na nafasi imeondoka.

#31 Kijana_wa_Lugazi

Nafasi imeondoka lakini mbio zimerudi. Vituo vimepanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18, mrushaji haruhusiwi kumtishia mkimbiaji zaidi ya mara mbili bila hatari ya kumpa kituo bure. Vituo vilivyoibiwa, yaani mkimbiaji kuwahi kituo kinachofuata mpira haujapigwa, vilipanda kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503 mwaka 2023. Rickey Henderson, aliyeiba 1,406 maishani mwake, alifariki Desemba 2024 akiwa ameuona mchezo wake unarudi. Hili nalo si la kufurahia?

#32 Sina_Haraka

Na mikono ya warushaji inayoumia je? 2024 chama cha wachezaji kilisema saa inawachosha warushaji. Ligi ikasema tatizo ni kurusha kwa nguvu zote kila mpira. Mimi naona wote wanasema kweli nusu nusu.

#33 Tarakimu

Na kuanzia 2026 mashine inaingia: mpigaji, mrushaji au mdakaji akigusa kofia yake, kamera zinaamua kama mpira ulipita eneo halali. Kila timu ina pingamizi mbili. Uecker, mdakaji, kazi yake ilikuwa kumshawishi mwamuzi kwa glavu. Angekuwa na la kusema kwa vipindi tisa.

#34 Mwana_Nakuru

Angekuwa nalo. Mechi yake ya mwisho kutangaza ilikuwa Oktoba 2024, Mets walitutoa kipindi cha 9, mpira wa Pete Alonso. Nilikuwa kwenye gari nje ya nyumba yangu, nimezima injini. Sauti ilikuwa imechoka. Vin Scully, mtangazaji wa Dodgers, alikaa misimu 67, akafariki 2022. Ongeza na mwigizaji James Earl Jones, aliyefariki Septemba 2024, watoto wetu wanamjua kama sauti ya Mufasa, Wamarekani wanamjua kwa hotuba ya besiboli katika filamu ya shamba la mahindi. Mimi naona sauti nzito zimemalizika zote kwa pamoja, na #3 ataniambia hiyo si takwimu.

#35 Tarakimu

Leo sisemi kitu.

#36 Fundi_Redio

Mwana_Nakuru, turudi kwenye kaseti. Dada yako asiogope. Afungue kasha kama lina skrubu; kama limegandishwa, apasue taratibu ukingoni kwa kisu butu. Atafute kasha jingine zima, la kaseti isiyo na maana, ahamishie magurudumu yote mawili. Palipokunjika anyooshe kwa kidole kikavu. Palipokatika asitumie selotepu ya kawaida, gundi yake inatoka na kuchafua kichwa cha redio. Ipo maalumu ya mikanda; akate kipande chembamba sana cha hiyo na akitie upande wa nyuma wa mkanda. Aangalie kijisponji cha katikati kama kipo, bila hicho sauti inafifia. Azungushe kwa penseli mara moja mpaka mwisho kabla ya kupiga.

#37 Mwana_Nakuru

Nimemtumia maneno yako yote kama yalivyo, mzee. Anaogopa, lakini amesema atajaribu Jumamosi.

#38 Kiti_Cha_Mbele

Jumamosi imepita. Mleta uzi?

#39 Mwana_Nakuru

Wakuu, samahani kwa kimya.

Amefaulu upande A. Amenirekodia kwa simu akanitumia. Nilisahau kabisa kwamba baba hakuwa na kaseti ya dukani. Aliweka redio kaseti mbele ya ile National akarekodi hewani. Kwa hiyo chumba chetu chote kimo humo. Charley Pride anamaliza, mtangazaji hajasema bado, na katikati hapo kuku anasikika, kiti kinaburutwa, na baba anasema kwa sauti ya chini, "Funga mlango, upepo." Aliyeambiwa afunge ni mimi. Naisikia miguu yangu ikikimbia.

Halafu Jim Reeves anaanza.

#40 Fundi_Redio

Upande B asiuguse kwanza. Mwambie anitumie picha ya sponji.